Upande wa Chini

Kimo cha jukwaa ni futi sita na inchi mbili.
Nakijua kwa kuwa nilikipima mimi,
kama nilivyokipima miaka minne iliyopita
kwa chama kile kingine, ukumbi huu huu, Cleveland,
mbao zile zile, tulizozitoa ghalani
zikiwa bado na misumari yetu ya zamani.
Tulibadilisha rangi tu. Makopo kumi na moja.

Wiki hii kazi yangu ni kukaa chini yake,
mimi na Stanko na feni moja mbovu,
kidole juu ya kitufe.
Akija msemaji mfupi, nabonyeza: sakafu inampandisha.
Akija mrefu, nabonyeza: inamzamisha.
Kwenye televisheni wote wana kimo kimoja.
Mama anatazama huko Parma, miguu ndani ya beseni,
anasema, "Angalia wanavyolingana."

Huku chini hotuba haina maneno.
Ina visigino.
Gavana hukanyaga kila akifika kwa "mwananchi wa kawaida",
na vumbi la msumeno linanidondokea shingoni.

Maneno nayasoma kwenye kioo cha mafundi,
mstari mmoja kabla yake:
KAZI KWANZA. TUA. MAKOFI.
Anatua. Makofi.
MAREHEMU BABA YANGU, MCHIMBA MAKAA. MEZA MATE.
Anameza.
Stanko anacheka. Mimi nilicheka jana.

Saa mbili vijana wenye vitambulisho shingoni
walipita na mabunda ya mabango yaliyoandikwa kwa mkono.
Nikachukua moja. Nikachukua la pili.
Herufi ya mwisho imepinda pale pale,
wino umedondoka pale pale.
Mkono gani huo, jamani, usiochoka kukosea?

Kisha majimbo yakaitwa, moja baada ya jingine.
Hili likasifu jibini lake, lile mito yake,
jingine likajigamba kwa mvumbuzi wa zipu,
na yote yakatoa kura
kwa mtu ambaye jina lake limechapwa
kwenye vikombe tangu Aprili.

Babu Ladislav alikuwa bawabu katika mikutano ya zamani.
Siku tatu, alisimulia, duru thelathini na kitu,
wajumbe wanalala vitini na viatu vyao,
mtu mmoja aling'atwa sikio kwa ajili ya ushuru wa sufu.
Sisemi kulikuwa na haki;
yeye ndiye aliyeshika mlango, na alijua
ni akina nani aliowafungia nje.
Lakini jibu halikufika kabla ya swali.

Dada yangu Rosalind ananiita vuguvugu.
Shemeji Terrence, wa kambi ya pili, ananiita vivyo hivyo.
Ndilo neno pekee wanaloafikiana
tangu mazishi ya shangazi.

Mimi si vuguvugu.
Nina hasira, ila haina rangi ya kuvaa.
Nina swali moja, la bei ya insulini ya mama.
Nimeshinda nalo mfukoni, pamoja na tepu ya kupimia,
usiku wa nne leo,
na kioo hakijalitaja hata kwa kulikana.

Saa nne na dakika kumi maputo yakashuka.
Hatukuyaona. Tuliyasikia yakipasuka vichwani petu
kama bisi kwenye sufuria.
Stanko akazima feni, akafungua mkate wake.
"Haya, wewe mwenzangu ni wa upande gani?"
Nikamwambia: wa chini.

Mgombea alikuwa bado juu ya ubao wangu, akipunga.
Ni mfupi, kweli. Hilo si kosa.
Kidole kilikuwa juu ya kitufe.
Inchi nne tu, niliwaza, polepole,
hata muziki usikatike:
nimrudishe kwenye kimo alichopewa na mama yake,
tumwone.

Stanko aliacha kutafuna.